Bando la Da-on

Drrr. Kimya kidogo. Drrr, drrr.

Sauti ilitoka jikoni, ya chini na nzito, kama ya nyuki mkubwa aliyefukiwa angali hai. Pyo Gyu-cheol aliisikia kabla hajafumbua macho. Aligeukia ukutani, akavuta blanketi mpaka masikioni, sauti ikamfuata humo humo. Alikuwa amekesha ndani ya shimo la lifti, na fundi aliyekesha hana haja na mtu mpaka jioni.

Drrr, drrr, drrr.

"Lieni mpaka mchoke," aliuambia ukuta. "Haitoki."

Ilikuwa simu ya binti yake. Da-on alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa pekee, mpole kiasi kwamba hata walimu walikuwa wakilisahau jina lake. Simu yake ililala ndani ya pipa la mchele tangu Jumapili, na leo ilikuwa Jumatano. Gyu-cheol aliizika kwa mkono wake mwenyewe, akausawazisha mchele juu yake. Kwenye mlango wa friji ulibandikwa mkataba wa familia, vifungu sita, chini yake muhuri mwekundu wa baba, muhuri mwekundu wa mama, na kando yao alama ya kidole gumba cha mtoto, ndogo, imepinda, kama iliyowekwa na mtu anayetaka kukimbia.

Mambo yalianza mwezi wa tatu, shule ilipoita wazazi wa darasa la sita kwenye semina ya watoto na simu. Mama mmoja alilia mbele za watu. Jioni ile ile kundi la wazazi likapitisha azimio: kila mzazi amkatie mwanawe bando, simu ibaki ya kupiga na kupokea tu. Gyu-cheol hakuhudhuria, alikuwa amening'inia kwenye kamba ghorofa ya ishirini. Alilisoma azimio baadaye kwenye simu, akaweka alama ya dole gumba, akalisahau.

Akalikumbuka Jumapili iliyopita, ripoti ya matumizi ilipoingia. Giga arobaini ndani ya wiki mbili.

"Unaangalia nini?" alimuuliza mtoto mezani.

"Siangalii kitu, baba."

"Giga arobaini za kutoangalia kitu. Ungeangalia kitu ingekuwaje, tungeuza nyumba?"

Da-on aliinamisha kichwa juu ya bakuli. Akafungua mdomo, akaanza, "Baba, ni kwamba wenzangu..." naye Gyu-cheol akainua kijiti chake cha kulia hewani. Visingizio hakuvitaka. Lifti ikishikwa na wazimu, alisema, huanzi kuibembeleza. Unakata umeme, unatia kufuli kwenye swichi, unatundika kibao cha usiwashe, ndipo unaanza kukagua.

"Umemuuliza mtoto, au umemfokea?" mkewe alimuuliza walipobaki wawili.

"Nimemuuliza. Hajibu."

"Mimi nilisikia makelele tu, Baba Da-on. Swali sikulisikia."

Sasa sauti iliendelea kulia mcheleni, ikalia tena, ikalia mara tano mfululizo. Kisha ikakatika.

Haikufifia, ilikatika ghafla, kama uzi. Gyu-cheol alitega sikio, akasikia friji tu ikinguruma. Akatabasamu gizani mwa blanketi. Wamechoka, alijisemea. Wameelewa nyumba hii ina mwenyewe. Alipochungulia, saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini na nne za alasiri.

Alikuwa amesimama jikoni, anakula wali wa baridi alioumwagia maji, simu yake mwenyewe ilipolia. Ulikuwa ujumbe kutoka darasa la masomo ya ziada: Mwanafunzi Pyo Da-on hajafika kipindi cha saa tisa na nusu. Tafadhali wasiliana naye.

Da-on hakuwahi kukosa kipindi. Hata alipokuwa na homa alikwenda, akarudishwa na mwalimu.

Gyu-cheol hakufikiri. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye jina la binti, kikabonyeza. Simu ikaita sikioni mwake, na nyuma ya mgongo wake, ndani ya pipa, mchele ukaanza kutetemeka.

Alisimama na simu sikioni, akiisikiliza ikiita huku, ikiitika kule. Akakata. Akafungua ramani inayoonyesha mtoto alipo, ile aliyoiweka mwenyewe, akajisifu nayo kazini. Kidoti cha kijani kilikuwa kikimeta juu ya paa la nyumba yake, pale pale aliposimama.

Akapindua pipa. Mchele ulimwagika mpaka chini ya meza. Simu ilitoka na vumbi jeupe, kioo kimejaa ujumbe, na namba ya siri aliijua, ilikuwa kifungu cha tatu cha mkataba. Kundi lililokuwa likimtafuta mtoto, kwa meseji za kawaida zisizohitaji bando, liliitwa Waifai ya Umma. Lilikuwa na watu sita. Da-on alikuwa wa sita.

"Waifai, umekufa?"

"Siku ya tatu leo. Washa hotspoti."

"Eti babake kaichukua. Kila mtu ana baba, mbona sisi hatusemi uongo."

"Dakika kumi. Tukifika getini hujawasha, utajuta kuzaliwa."

"Leo ni adhabu ya ngazi. Mnasemaje?"

"Ngazi, ngazi, ngazi."

"Lete soksi za akiba, Waifai, ha ha."

Na wa mwisho kabisa, saa tisa na dakika ishirini na nne, kutoka kwa mtoto aitwaye Seo-rin: "Basi acheni kuandika. Nimemwona."

Hicho ndicho kimya alichokitabasamia.

Akaketi juu ya mchele. Akafungua orodha ya matumizi, sehemu ambayo Jumapili hakuwa na subira ya kuifungua. Da-on mwenyewe alikuwa ametumia kamusi, ratiba ya basi, na picha za paka alizokuwa akimtumia mama yake. Haikufika hata giga moja. Zilizobaki zote zilikwenda kwa njia ya hotspoti, kwa simu tano zisizo zake, kila siku ya shule, kuanzia kengele ya kutoka mpaka basi la masomo. Mtoto wake alikuwa mtungi, na wengine walikuwa wakimbeba kwa masikio kwenda kunywea.

Na akakumbuka, hapo sakafuni, jambo ambalo hakulisema mezani. Fundi kabla ya kukata umeme wa lifti huinama mlangoni, hugonga chuma kwa ngumi, huuliza kwa sauti kama kuna mtu ndani. Miaka kumi na saba hakuwahi kuliruka hilo. Kwa mwanawe aliliruka.

Alitoka na ndala za ndani, simu mbili mikononi. Baridi ya Novemba ilimpiga usoni pale mlangoni. Alimpigia mkewe mara tatu, akijua kwamba jikoni mwa hospitali, anakopika, simu hufungiwa kabatini mpaka jioni. Akawapigia polisi huku anateremka mlima kuelekea shuleni.

"Tulia, mzee," ilisema sauti ya kijana upande wa pili. "Ana simu mtoto?"

"Anayo."

"Tupe namba. Tutaona iko wapi, dakika mbili tu."

Gyu-cheol aliitazama simu nyeupe ya vumbi kiganjani mwake. "Ninayo mimi," alisema.

"Unasemaje?"

"Simu yake ninayo mimi. Nilimnyang'anya."

Sauti ikasema gari litatumwa, aeleze mtoto amevaa nini. Koti la bluu, alisema. Hapana, la kijivu. Akagundua hajui. Asubuhi mtoto alipoaga, yeye alikuwa anavua buti, hakugeuka.

Geti la shule lilikuwa tupu. Mbele yake, Bi Bok-ja, muuza chakula wa pale, alikuwa akikoroga sufuria ya vipande vya mkate wa mchele katika mchuzi mwekundu wa pilipili, mvuke umemfunika uso.

"Shikamoo, Bi Bok-ja. Umemwona mwanangu? Da-on. Mwembamba, nywele fupi."

"Marahaba. Da-on?" Bibi alifuta mikono. "Yule mtoto wa waifai?"

Neno lile lilimchoma mbavuni. "Nani anamwita hivyo?"

"Wenzake. Si wanakaa hapa kila siku, watano, na yeye katikati kama jiko? Wanakula, wanaangalia simu, wanacheka. Yeye hali. Nikamwambia siku moja, wewe binti, huna njaa? Akasema amri ya kula hajapewa. Nikadhani ni mchezo wao, watoto wa siku hizi wana michezo ya ajabu." Alimtazama Gyu-cheol miguuni, kwenye zile ndala, na kijiko kikasimama. "Si mchezo?"

"Wamekwenda wapi?"

"Juu, kwenye majengo mapya. Mkubwa wao alikuwa amemshika hapa," akagusa kola yake. "Nusu saa sasa. Baba Da-on, mimi kweli nilidhani..."

Hakungoja amalize.

Majengo mapya yalikuwa kumi na mawili, yote sawa, ghorofa ishirini na tano kila moja, yamepangwa mlimani kama meno. Gyu-cheol aliyajua kuliko mwenye nayo. Lifti zake zote zilipita mikononi mwake. Alijua pia kwamba kila lifti ina kamera na ngazi za dharura hazina hata moja. Adhabu ya ngazi. Jumla ngazi za ghorofa mia tatu, na mwanawe kwenye mojawapo. Alizungusha macho kutoka jengo hadi jengo, madirisha yakamtazama.

Akaitazama simu ya Da-on. Akaelewa la kufanya, na likamtia hofu.

Simu zao zilikuwa zimezoea kunywa hapa. Zikikaribia zitajiunga zenyewe, hata wenyewe wasipotaka. Alifungua bando alilolifunga Jumapili, akawasha hotspoti, akaanza kutembea chini ya majengo, simu ameinyoosha mbele kama mtu anayetafuta maji ardhini. Waliounganishwa: sifuri. Jengo la kwanza, sifuri. La pili, sifuri. Akaingia kila mlango wa ngazi, akapanda ghorofa sita, akashuka, akatoka, ndala moja ikabaki nyuma asijue. Jengo la nne, sifuri. Jasho lilimtiririka na meno yakamgongana kwa baridi, vyote kwa pamoja.

Jengo la saba, ghorofa ya tano, namba ikabadilika. Moja.

"Simu ya Seo-rin," kioo kiliandika.

Hakuchukua lifti, kuta za chuma zingemzibia kila kitu. Alipanda kwa miguu, mguu mmoja una soksi tu kwenye saruji. Ghorofa ya saba, tatu. Ya tisa, tano. Wote watano walikuwa juu yake, karibu, na hapo ndipo alipozisikia simu zikilia moja baada ya nyingine, tiri tiri tiri, ujumbe wa mtandaoni wa siku tatu ukiingia kwa mpigo, na sauti za wasichana zikiteremka ngazini.

"Ala. Imewaka."

"Na yangu. Na yangu pia, angalia."

"Si nilisema anayo? Mwongo huyu. Amekaa hapa analia eti baba, kumbe ameificha mwilini."

"Mkague tena."

"Mikono juu, Waifai. Nani kakwambia ushushe?"

Kisha sauti aliyoijua, ndogo, yenye mafua: "Sio mimi. Wallahi sio mimi, sina."

Ni Gyu-cheol aliyewasha. Kwa mara ya pili ndani ya wiki moja alikuwa amebonyeza kitu kwa kidole chake, na mtoto ndiye aliyelipia.

"Basi sema kwaheri kwa begi," ilisema sauti ya kwanza, tulivu. "Nahesabu mpaka tatu. Likianguka usiseme hatukukuonya. Baada ya begi tutaona nini kinafuata."

Alipanda kona ya mwisho bila kutoa sauti.

Da-on alikuwa amepiga magoti kwenye kituo cha ngazi, mikono juu, miguuni soksi tupu zilizolowa, koti hana. Lilikuwa la kijani. Lilikuwa chini ya makalio ya msichana mmoja. Wanne walikaa kwenye vidato, nyuso zao zikimulikwa kwa chini na vioo vya simu, na watatu kati yao hata sasa hawakuwa wakimtazama mtoto aliyepiga magoti. Walikuwa wanatazama video. Dirisha lilikuwa wazi. Seo-rin alikuwa amelikalia, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kiwiliwili kimetokeza hewani, mkono umenyooka na begi la Da-on likining'inia juu ya ghorofa kumi na moja za utupu.

Kifuani mwa Gyu-cheol kelele ilikwisha kujipanga. Miaka yote alikuwa mtu wa kelele, na hii ingekuwa kubwa kuliko zote. Lakini macho yake yalikuwa ya fundi, nayo yaliona kiganja kilivyoshika ukingo, vidole vitatu tu. Mtoto akishtuka, ameanguka.

Akakaa kwenye kidato. Akaketi tu, kama mtu aliyechoka.

"Seo-rin," alisema polepole. "Mimi baba yake Da-on. Ingiza mguu kwanza, mwanangu. Begi liache liende."

Wasichana wakageuka. Mmoja akaangusha simu yake. Seo-rin alimtazama, rangi ikamtoka, na begi likaponyoka. Kimya kilipita, kirefu kuliko kilivyostahili, ndipo likasikika chini kabisa likipasuka. Kiwiliwili chake kikayumba kulifuata.

"Nitazame mimi. Usitazame chini. Mkono wa kushoto kwenye fremu. Vizuri. Sasa goti."

Goti likaingia. Mwili ukafuata. Gyu-cheol alipita katikati yao, akalifunga dirisha, akazungusha komeo.

"Shikamoo, anko," alisema Seo-rin, na akainama kwa heshima kamili, kama walivyofundishwa. "Tulikuwa tunacheza."

"Da-on, ulikuwa unacheza?"

Mikono ya mtoto ilikuwa bado juu. Hakuna aliyemwambia aishushe. Baba yake alipiga magoti mbele yake, akaishika yote miwili, ikiwa baridi kama bomba, akaishusha yeye.

"Tunaazima tu," alisema Seo-rin, sauti sasa imepanda. "Sisi wote tulikatiwa. Tangu semina yenu ile. Baba yangu hakuniuliza hata, niliamka nikakuta imekufa. Wote wanaongea kuhusu vitu ambavyo sijaviona. Yeye tu ndiye alibaki na bando, na wala halitumii. Sasa si uchoyo huo?"

"Ukiwa na kiu ndiyo unampigisha mtu magoti?"

Kwa mara ya kwanza Seo-rin alionekana ana umri wake, miaka kumi na miwili, kamasi zinamchuruzika kwa baridi.

"Nendeni nyumbani," alisema Gyu-cheol. "Majina yenu ninayo, yameandikwa humu. Nendeni kwa lifti, msikimbie ngazini."

Hawakungoja lifti. Walishuka mbio, viatu vyao vikipiga saruji, na kwenye kioo cha simu namba ikawa inapungua. Tano. Tatu. Moja. Namba moja ilikaa muda mrefu, kama kwamba mwenye simu ile alisimama mahali, akasikiliza. Kisha sifuri.

Gyu-cheol aliwapigia polisi, akawaambia amempata, anapumua, atawapigia tena. Akamvika mtoto koti. Akavua soksi zake mwenyewe, akamvalisha juu ya zile zilizolowa.

"Baba, una ndala moja."

"Nyingine itanisubiri huko iliko."

Da-on hakucheka. Alikuwa akiitazama simu yake mkononi mwa baba kama mtu anavyotazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Ilipotetemeka, mwili wake wote ulitetemeka nayo.

"Wanaandika," alisema. "Najua wanaandika nini. Kesho itakuwa mbaya zaidi. Ulitakiwa uache tu."

"Niache?"

"Jumatatu walinivumilia. Jana walinisimamisha mguu mmoja. Leo ilikuwa ngazi. Ungewasha bila kuja, wangeniacha." Alisema hivyo bila kulia, kama anayesoma ratiba, na hilo ndilo lililomtisha baba yake kuliko dirisha. "Nilitaka kukwambia Jumapili. Nilishaanza. Ukainua kijiti."

"Niliinua."

"Na kesho utaenda shuleni upige kelele. Utamfokea mwalimu, utamfokea baba yake Seo-rin, mtagombana nyie wakubwa. Mimi nitakaa hapo kama kiti. Halafu nyie mtarudi kazini, na mimi nitabaki nao."

Gyu-cheol alitaka kusema hapana. Lakini alikwisha kuyapanga yote hayo wakati anapanda ngazi, mpaka maneno ya matusi aliyachagua. Aliketi kando yake, bega kwa bega. Upepo ulikuwa ukilivuta dirisha, komeo likigonga.

"Wewe unataka iweje?" aliuliza. Aliona haya kwa jinsi swali lilivyokuwa geni mdomoni mwake.

Da-on alifikiri muda mrefu. "Nataka niseme mwenyewe," alisema. "Kwa mwalimu. Tangu mwezi wa tatu. Ila nikianza kusema huwa nakwama, nanyamaza kidogo, na mtu mkubwa huwa anaingia hapo hapo. Wewe ndio wa kwanza."

"Na ukikwama?"

"Ningoje."

"Hata dakika kumi?"

"Hata kumi. Na uwepo. Usikae nje." Akamgeukia, macho makavu, yamefunguka sana. Chini huko mlango wa ngazi ulifunguka na kufungwa, wote wawili wakashtuka, wakasikiliza mpaka hatua za jirani fulani zikapotelea kwenye ukumbi. "Sema kwa sauti," alinong'ona. "Ukisema moyoni utabadilisha."

Gyu-cheol alimshika mkono, akasafisha koo, na akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ghorofa ya chini:

"Kesho saa mbili na nusu nitaingia na wewe kwa mwalimu, Da-on. Utasema wewe, mpaka mwisho. Ukikwama nitangoja. Sitatia neno langu hata moja mpaka uniambie, baba, sasa sema."